Namna ya Kucheza Bibi Kizee Ukiwa na Miaka 19

Mwaka jana niliitwa kurekodi nje kidogo ya Mbalizi. Nikavaa gauni langu refu, kitenge kiunoni, kitambaa kichwani, nikapita mbele ya kamera kama nilivyoelekezwa. Kijana mwongozaji akasimamisha kazi, akanisogelea kwa adabu zote. "Mama, samahani. Naomba utembee kizee kidogo." Nina miaka 61, na goti la kulia linanisumbua tangu masika. "Sawa, baba," nikamjibu. Nikarudi nilikoanzia, nikamtembelea mwendo wa bibi mzaa mama yangu, mwendo niliouanza mwaka 1983 nikiwa na miaka 19. Akafurahi sana. Hakujua kwamba ule wa kwanza ndio ulikuwa wa kizee, na huu wa pili ndio wa msichana.

Vijana wa Mbeya na Iringa huniuliza njia ya kuingia kwenye uigizaji. Wanaotaka kuwa steringi siwezi kuwasaidia, maana sijawahi kuwa steringi hata siku moja. Mimi ni yule mama mkwe, yule mganga, muuza komoni, ile pombe ya kienyeji, jirani mmbeya, shangazi aliyekuja msibani akagoma kuondoka. Watu hunisimamisha pale Kabwe wakanikodolea macho: "Mama, wewe si ndiye yule..." Hapo hapo wanakwama, jina hawalijui. Nimezikwa mara kumi na moja, mbili kati ya hizo kwenye jeneza lile lile la kuazima. Kama maisha ya namna hiyo yanakutosha, vuta kigoda.

Usianze na mgongo

Kila msichana anayepewa nafasi ya bibi huanza hivi: anapinda mgongo, anashika fimbo, anatetemesha mkono, sauti anaibana iwe ya mbuzi. Watu watacheka dakika ya kwanza. Ya pili watakohoa. Ya tatu wanaanza kuulizana habari za mbolea.

Anaigiza uzee, na hakuna mzee anayefanya hivyo. Mzee anahangaika kutwa nzima asionekane amechoka. Basi wewe tafuta namna anavyouficha uchovu wake, hiyo ndiyo uicheze.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa mteremkoni, Tukuyu, na ardhi ya kule ukiijua unajua: mvua haikauki, njia inateleza kama imepakwa mlenda. Akitaka kuinuka kutoka kwenye kigoda hakusema magoti yanauma. Aliangalia chini, akaona kijiti, akainama kukiokota. Mkono ukishafika chini kwa heshima, anausukuma ardhini, huyo kasimama. Kijiti anakitupa. Miaka yote nilidhani bibi anapenda usafi. Tukienda kanisani alisalimia watu njiani, na salamu zake hazikuwa fupi: watoto, ng'ombe, migomba, yule aliyekwenda Zambia amerudi? Nilipoanza mazoezi ndipo nikang'amua kwamba bibi anasalimia penye mlima tu. Penye tambarare alikuwa anapunga mkono na kupita.

Kijiti na salamu za mlimani. Vitu viwili hivyo vimenilisha miaka arobaini.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usikae mbele ya kioo. Nenda Sokomatola, au Mwanjelwa, au kama uko Iringa nenda soko kuu, omba kukaa na mama muuza dagaa, msaidie kufunga. Chagua mtu mmoja umwangalie mpaka aondoke. Usichukue kila kitu chake, utakuwa mwizi na tena mwizi mbaya. Chukua kimoja. Mimi nina madaftari tangu zamani na yameandikwa hivi: "Analamba kidole kabla ya kuhesabu noti, hata noti ikiwa moja." "Anageuza sikio la kushoto, la kulia halisikii, lakini hataki ujue." "Akidanganya bei anapanga nyanya upya." Siku ukipewa mhusika unachanganya: kidole cha huyu, sikio la yule.

Onyo moja. Ukienda kuigiza kijijini kwao, usimtoe mtu wanayemfahamu. Mwaka 1985 tulikuwa Kyela, mchana nikamwona mama mmoja anavyotembea huku anajipepea na upande wa khanga, nikapenda, usiku nikamweka jukwaani. Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Kumbe ni mke wa aliyetuandalia wali. Tulilala na njaa, kikundi kizima, na wenzangu hawakunisemesha mpaka tunavuka mto kurudi.

Na kuhusu makabila: utaambiwa, "Cheza Mnyakyusa," wakimaanisha mama wa kupayuka, "Cheza Mhehe," wakimaanisha hasira. Wananikera. Muulize mwongozaji huyo mtu anaongea na nani. Bibi wa Kalenga, kule Uheheni, akiongea na karani wa ofisini anaminya Kiswahili chake mpaka kinyooke kuliko cha karani. Akigeuka kumwita mjukuu, hapo ndipo kwao kunatoka. Mgeuko huo ukiupata, hutahitaji kumkejeli mtu.

Habari ya baba

Utakutana na suala la wazazi, nikusimulie langu haraka. Miaka ile mashirika ya umma mengi na viwanda vilikuwa na vikundi vya utamaduni: ngoma, kwaya, sarakasi, maigizo. Mimi nilikuwa kibarua wa kufunga mizigo kwenye kiwanda kimoja Mbeya, nikaingizwa kwenye kikundi chao. Igizo langu la kwanza lilihusu walanguzi, maana ndiyo mwaka Waziri Mkuu Sokoine alipowasaka wahujumu uchumi, na sabuni ilikuwa inafichwa chini ya vitanda. Nilikuwa bibi kwenye foleni ya sukari. Sentensi saba.

Baba, mkulima wa chai, akasikia. Akasema hakunisomesha ili niwe kichekesho cha watu. Kiongozi wetu akapanda basi kwenda Tukuyu kumwona, mkononi ana nusu kilo ya sukari, na mwaka ule nusu kilo ya sukari ilikuwa hoja nzito. Akamwambia: mzee, Rashidi Kawawa, mtu wa Songea, huyo aliyekuwa Waziri Mkuu na sasa ni Katibu Mkuu wa chama, miaka ya hamsini mwanzoni aliigiza kwenye filamu za serikali ya mkoloni, Muhogo Mchungu ni yeye. Baba akanyamaza kitambo. Kisha akauliza kama Kawawa naye alicheza bibi kizee.

Akaniruhusu. Sukari ilisaidia zaidi ya Kawawa, nadhani.

Mvua ya mabati

Jukwaani kuna sauti na kuna mikono. Sauti utafundishwa na yeyote: pumua tumboni, malizia neno, usimeze silabi ya mwisho kwa sababu Kiswahili mara nyingi kimebeba habari kule mwishoni. Kukariri ni kukariri, sina la kuongeza ila hili: jifunze na maneno ya mwenzako, maana atayasahau.

Mikono ndiyo nitakayokalia. Nilifundishwa na mvua. Tulikuwa kwenye ukumbi wa mabati Tukuyu, karabai mbili mbele, watu wamejaa mpaka madirishani, na mimi niko katikati ya maneno ya kumkatalia mlanguzi. Mvua ikashuka. Usidhani ni manyunyu. Nilipanua mdomo nikasikia sijisikii mwenyewe. Mwenzangu akaanza kupiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka, hakuna kitu. Nikaacha kusema. Nikavuta pindo la khanga, mahali bibi zetu wanapofungia hela, nikaanza kulifungua fundo. Taratibu. Nikatumia kucha, likakataa. Nikatumia meno. Nikamwangalia mlanguzi, nikaangalia fundo, nikageuka mgongo asione ni shilingi ngapi. Watu wa nyuma kabisa walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Fundo lilipofunguka nikatoa sarafu moja, nikaiangalia, nikaifunga tena. Walipiga makofi nikayaona, maana kuyasikia haikuwezekana.

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu filamu za kale za Marekani zisizo na sauti, na mtu mmoja akanishika: Lon Chaney. Alizaliwa 1883, wazazi wake wote wawili viziwi, kwa hiyo tangu utoto nyumbani kwao habari ilisemwa kwa uso na vidole. Akazunguka na vikundi vya jukwaani miaka mingi kabla ya kuingia kwenye filamu, akawa yule wa kucheza vilema, wazee, watu wa kutisha, kila mara sura nyingine. Filamu yake ya kwanza yenye sauti ilitoka 1930, na mwaka huo huo akafariki. Nilimtazama mpaka bando likaisha. Kwao hakukuwa na mabati, lakini mvua ile ile alikuwa nayo nyumbani.

Zoezi lake ni rahisi. Chukua sini yako, yaani kipande kimoja cha igizo, washa redio kwa sauti ya juu kabisa, icheze mbele ya mdogo wako bila neno hata moja. Akiweza kukueleza bibi alitaka nini na kwa nini alikosa, umeiva. Asipoweza, usimlaumu mdogo wako.

Kamera imekaa karibu kuliko unavyodhani

Mwaka 2002 walikuja watu kutoka Dar es Salaam na kamera ya video, wakatafuta bibi wa bei nafuu, wakaletwa kwangu. Nikaja na uigizaji wangu wa jukwaani wote, umekunjwa vizuri kama shuka la sanduku. Teki ya kwanza, yaani mara ya kwanza kamera kuwashwa, nikalifungua fundo la khanga kama ninavyolifungulia watu wa Kyela. Mpiga picha akaondoa jicho kwenye kamera akasema, "Mama, unaniogopesha."

Ukumbini una watu mia tatu na wa mwisho yuko chini ya mwembe. Kamera ni mtu mmoja tu, amekusogelea usoni kama daktari wa meno. Ukipandisha nyusi kwa ajili ya mwembe, yeye anaona mlima umehama.

Nilichokuja kujua, tena kwa kuaibika, ni swali moja la kumuuliza mpiga picha kabla ya kila teki: "Naonekana mpaka wapi?" Akisema mpaka miguuni, cheza na mwili, kijiti chako kiokote. Akisema mpaka kifuani, kijiti hakipo. Lete mikono juu, fundo lifungue karibu na kidevu. Akisema uso tu, usifanye kitu. Naomba unielewe: usifanye kitu, lakini uwe unahesabu kimoyomoyo hela iliyomo kwenye fundo na madeni unayodaiwa. Uso utaonyesha wenyewe. Vijana wengi huona aibu kuuliza wakidhani wataonekana washamba. Mshamba ni yule aliyecheza kwa miguu dakika tano na kumbe picha imekatwa kiunoni.

Jambo la pili ni kwamba sini hazirekodiwi kwa mpangilio. Utazikwa asubuhi, utaugua mchana, utamwoza mwanao jioni. Na kila sini inarudiwa, kwa mbali, kwa karibu, upande huu, upande ule. Ukinywa chai kwa mkono wa kulia mara ya kwanza na wa kushoto mara ya pili, mhariri atakulaani usiku. Ndiyo maana daftari langu linaingia seti pamoja nami: "Kikombe kushoto. Chai nusu. Fundo limefungwa. Kitambaa sikio la kulia liko nje." Ukijulikana kwamba wewe hukosei kikombe, utaitwa tena hata kama kuna anayekuzidi kipaji. Nimewapita wengi wenye vipaji kwa kikombe tu.

Mvi na moshi

Vipodozi: usijichore mikunjo kwa mkaa. Jukwaani, kwa mwanga wa karabai, mistari ya masizi na Vaseline ilikuwa inaonekana kama uzee. Kwenye video yangu ya kwanza uso ulitoka kama ramani ya barabara za Makete. Hata wale wa zamani walipata tabu hiyo: filamu za mwanzo zilikuwa haziioni rangi nyekundu sawasawa, mdomo uliopakwa wekundu ukatoka mweusi, ikabidi waigizaji wajifunze upya rangi za kujipaka. Kila kamera ina macho yake. Jipake kidogo, jipige picha kwa kamera ile ile na mwanga ule ule, angalia, ndipo uongeze. Uso wa kijana ukitaka uzeeke, punguza: usipake mafuta, usinywe maji usiku, lala kwa muda wa saa nne tu. Siyo vizuri kiafya, najua.

Mvi za poda ya mtoto zina hatari yake. Niliwahi kukohoa msibani, nikiwa mfiwa, likanyanyuka wingu jeupe kichwani, na waombolezaji wote wakageukia ukutani mabega yanacheka. Paka Vaseline kidogo kwanza ndipo poda ishike, kisha funga kitambaa, acha nywele chache tu mbele. Bibi wa kweli naye hufunga kitambaa.

Tena kuna baridi yetu. Watu wa Dar hupenda kuja kurekodi huku kwa sababu ya milima na kijani, halafu wanaandika hadithi ya Pwani. Mafinga, mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa bibi wa Bagamoyo nimevaa khanga nyepesi nalalamikia joto, na kila neno linatoka na moshi mdomoni. Wakarudia, moshi. Wakanipa chai ya moto wakidhani wananisaidia, moshi ukazidi. Dawa yake ni kinyume: kunywa maji ya baridi kabisa, yazungushe mdomoni, yateme, sema sentensi yako haraka kabla mdomo haujapata joto. Meno yatauma. Bibi wa Bagamoyo atapona.

Hela

Kuuza sura ni kitu kimoja, kulipwa ni kingine. Kuna mtayarishaji mmoja, jina lake nalimezea, aliyenilipa VCD ishirini za filamu yenyewe ili niuze mwenyewe. Nilipofika nazo Mwanjelwa nikakuta nakala za wizi ziko mezani zimepanga foleni, uso wangu uko kwenye karatasi ya juu, bei nusu ya yangu. Ishirini zangu ninazo mpaka leo, zinafukuza ndege kwenye mchicha.

Tangu hapo siondoki nyumbani bila karatasi. Si lazima iwe ya wakili. Andika siku ngapi, sini ngapi, kiasi gani, nusu inalipwa lini, nauli ya kwenda na ya kurudi (ya kurudi iandike kabisa, kuna siku nimerudi kutoka Njombe kwenye lori la viazi), chakula, na pa kulala ikifika usiku. Mtie saini wote wawili. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hicho kipande cha hakishiriki ndicho chako mwigizaji: mtu hana ruhusa ya kurekodi unavyocheza bila ridhaa yako. Ukilitaja neno hakishiriki kwa utulivu, bila kufoka, utaona mtu anakaa vizuri kwenye kiti.

Usiache kazi nyingine. Mimi nina bustani Uyole na cherehani. Nafasi za bibi huja tatu kwa mwezi mmoja, halafu miezi mitano kimya.

Kwenye mkoba beba khanga mbili zilizochakaa, moja pindo lake lifungwe tayari na sarafu za zamani, si hizi mpya. Miwani isiyo na vioo, maana vioo humulika taa. Kitana, Vaseline, poda, sindano na uzi, daftari, kalamu mbili, chupa ya maji baridi, chakula chako mwenyewe. Na soksi nyeusi, hasa kama unakwenda kufa. Mara ya tisa nilizikwa Makambako, mwezi wa nane, ule upepo wao unavuma, nimelazwa peku chini ya shuka fupi. Sini ile waliirudia mara sita kwa sababu ya vidole vyangu vya miguu.